Kaya Thelathini na Saba za Kwembago

Jumatatu ile niliingia kazini miguu imevimba kama kawaida yake, nikavua viatu chini ya meza, nikavaa visikilizio na kujisemea: miezi minne tu, Nyamizi, miezi minne ustaafu, urudi Tabora ukalale mpaka uchoke kulala. Mwanamke wa miaka hamsini na nane hana haja ya kushinda akisikiliza watu elfu kumi na moja wasiokuwepo wakilalamikia bei ya mbolea. Lakini ndiyo kazi niliyopewa, na sikuwa na nyingine.

"Dada Nyamizi! Njoo uone maajabu," akaniita Ndayizeye kutoka chumba cha mitambo. Ndayizeye ni Mrundi, fundi wetu, mtu mpole ambaye kwa miaka kumi na mitano sijamwona akifurahi ila timu yake ikishinda. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Kwembago wamejibu. Kaya thelathini na saba kati ya thelathini na saba. Wote wanakubali kuhama. Haijapata kutokea tangu Baraza lianze!"

"Kwembago ya milimani?"

"Hiyo hiyo, panapotakiwa kujengwa bwawa."

Nikatafuta kiti. Mimi Wasambaa wa milimani nawajua. Watu wale hata msibani watabishana, nani atangulie na nani afuate, na marehemu anawasubiri. Leo kijiji kizima kikubali kuacha migomba yake na makaburi yake kifunikwe na maji, hata kikongwe mmoja asinune? Thubutu.

Niseme Baraza ni nini, maana hata wanangu wa kuzaa bado wananiuliza. Taasisi yetu ni ya kimataifa, ina bendera kumi na nne getini na choo kimoja kinachofanya kazi, na shughuli yake ni kuyajua maeneo. Eneo maana yake watu, udongo, mvua, ndoa, magomvi, vyote kwa pamoja. Zamani tuliyajua kwa miguu. Tulikwenda kaya kwa kaya na dodoso la maswali mia mbili na kumi na mawili, saa tatu kila kaya, tukimaliza tunaacha mche wa sabuni. Watu wakachoka. Ikafika mahali kijiji kimoja kinadodoswa na taasisi nne kwa mwezi, mpaka huko kusini wanakijiji wakawafungia wadodosaji ndani ya ghala la mahindi siku mbili na kuanza kuwauliza wao. Mnakula nini? Mnalala na nani? Mna furaha kiasi gani, toka moja hadi tano? Ndipo ikatungwa Sheria ya Kutosumbua Wananchi.

Tangu hapo ni marufuku mtafiti kumwuliza mwananchi chochote. Anaulizwa Baraza. Ni mtambo uliolishwa madodoso yetu yote ya zamani, ukaifanyia kila kaya sauti yake, na sauti zile zinaishi. Mvua ikinyesha milimani, huko ndani nako inanyesha. Bei ya mahindi ikipanda, wanapiga kelele. Wanazeeka, wanaozesha mabinti, wanazikana. Serikali ikitaka kujua watu wanataka nini inauliza Baraza, na jibu la Baraza, kisheria, ndilo jibu la wananchi. Wenyewe hupelekewa barua tu ya kuwajulisha walichosema.

"Hebu niwekee hao Kwembago niwasikie," nikamwambia Ndayizeye.

Akaweka kaya ya tatu, mzee wa miaka themanini. "Nimechoka na mlima huu," ikasema sauti. "Miguu inavimba nikikaa, nikisimama inauma. Tuhamisheni, potelea mbali."

Kaya ya tisa alikuwa mjane kijana. Naye amechoka na mlima, naye potelea mbali. Nikamwambia aendelee. Kaya ya ishirini, baba wa watoto saba, akaeleza jinsi mvua ilivyowatesa mwaka wa njaa. "Tulikula matobolwa," akasema, "mpaka yakatuishia."

Matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, chakula cha kwetu Unyamwezini, nilichokulia kwa bibi yangu. Msambaa wa Kwembago atayatoa wapi matobolwa, jamani? Angesema ndizi, angesema bada, ugali wao wa muhogo.

"Niwekee Mama Kupaza."

Mama Kupaza alikuwa kaya ya thelathini na moja. Kati ya sauti zote mle ndani yeye ndiye niliyempenda. Siku nyingi nikimaliza kazi mapema nilimfungua tukapiga soga, na nilikuwa nikimsifia kwa Ndayizeye kwamba yule mama ana akili, hatujapata kutofautiana hata kwa jambo moja.

"Nyamizi," ikasema sauti, "mbona unanisumbua tena? Wenzako wanaota kupumzika, wewe unaota dodoso. Tuhamisheni tu. Mtu akichoka amechoka."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilivua visikilizio nikaviweka mezani, na Ndayizeye akaniuliza kama nimepandwa na presha.

Kwembago sikufika. Hiyo ndiyo kweli, na nimekaa nayo miaka ishirini na miwili. Mwaka ule nilipotumwa kuwadodosa mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo, Mto Vuluni ukafurika ukachukua daraja, mimi nikakwama gesti upande wa huku na madodoso thelathini na saba matupu, katoni ya sabuni, na orodha ya majina niliyopewa na ofisi ya kata. Nilikuwa na homa. Mwanangu wa mwisho nilimwacha na miezi minane. Simu kutoka ofisini kila siku ilikuwa ile ile: bado Kwembago tu, Nyamizi, umalize urudi. Siku ya tano nikachukua kalamu. Nikajiambia hawa watu nawajua, nimedodosa vijiji vinane vya jirani zao, watasema nini kipya? Nikawajibia. Kaya saba kwa siku, nimejifunika blanketi, mvua inapiga bati. Ikifika jioni nachoka hata kubuni, naandika lolote linalonijia kichwani. Sabuni nikamwachia mama mwenye gesti.

Sikumdhuru mtu, ndivyo nilivyojiambia. Wakati huo dodoso lilikuwa karatasi, linaingia kabatini linaliwa na mchwa. Nani angejua kwamba siku moja karatasi zile zitapewa pumzi? Nilizaa kijiji kizima siku zile, na wote niliwapa uchovu wangu.

Profesa Yonas Tekle, mkurugenzi wetu, Mhabeshi, Kiswahili chake ni cha vitabuni na kahawa anakaanga mwenyewe ofisini, moshi umejaa hata mafaili yananuka. Nilimkuta anasaga.

"Profesa, Kwembago ni uongo," nikasema kabla hajanikaribisha. "Madodoso nilijaza mimi."

Akaacha kusaga. "Mangapi?"

"Yote."

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

Akaketi. Aliniangalia muda mrefu, na sikuona hasira, niliona mtu anayepiga hesabu asiyoitaka. "Kifungu cha tisa cha Sheria unakikumbuka, Bi Nyamizi?"

"Eneo lenye pengo haliulizwi."

"Mpaka lidodoswe upya, nyumba kwa nyumba. Eneo la Kumi na Nne, Kwembago ikiwamo, lina vijiji thelathini na viwili. Itachukua muda gani?"

"Miezi mitano. Kama tutapata watu."

"Na Ijumaa hii inatiwa saini nini?"

Nilijua. Ijumaa inatiwa saini Ripoti ya Eneo, karatasi moja yenye majibu yote. Ndani yake Kwembago wamekubali kuhama na malori yanawafuata Jumatatu. Ndani yake pia vijiji kumi vya tambarare, ambako mvua zilikosa misimu miwili, vinapelekewa mahindi ya msaada. Vijiji vile vya tambarare nilividodosa mimi, kwa haki, kila kaya, kila swali. Njaa yao ilikuwa ya kweli na Baraza lilikuwa limeisema vizuri.

"Si utenganishe? Toa Kwembago, waache wengine."

"Nimeijenga Taasisi hii juu ya neno moja, kwamba eneo ni kitu kimoja, ukivuta uzi huku kunafumuka kule. Mtambo haujui kutenganisha kwa sababu sisi wenyewe tuliukataza." Akanimiminia kikombe. "Watu elfu tisa hawana chakula. Upande wa pili kuna kaya thelathini na saba, watapewa nyumba za bati na umeme. Hawafi."

"Hawafi," nikakubali.

"Basi mimi sikusikia ulichosema. Nina miaka sitini na saba, nina kisukari, nimechoka. Kunywa kahawa yako."

Nikanywa. Alikuwa hajakosea hata neno, na hilo ndilo lililoniudhi. Mchana kutwa nilipiga simu ofisi ya maafa, nikazungushwa kwa watu watano, wote jibu moja: bila jibu la Baraza hata gunia moja halitoki ghalani. Jumatano nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikapanda pikipiki kwenda Kwembago. Kwa sheria yetu hilo peke yake ni kufukuzwa kazi.

Daraja la Vuluni sasa ni la zege, unavuka kwa dakika moja. Nilimwuliza mtu njiani kwa Mama Kupaza ni wapi, akaninyooshea kidole, na nyumba ya tatu nikamkuta mama mnene, mweusi, kanga mbili, amekaa kwenye gunia anachambua mapeasi, mazuri tenga hili, yaliyooza ndoo ile. Mama Kupaza wangu wa kwenye mtambo alikuwa mwembamba, sijui kwa nini niliamini hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole! Mbona unahema hivyo, mlima umekula pumzi?" Akacheka, kicheko cha kujaza uwanja. "Kaa, kaa. Watu wa chini wakifika hapa huwa tunawafufua kwanza ndipo tunawasalimu. Unatokea wapi?"

"Taasisi."

Mkono ukasimama juu ya tenga. "Wale wa maswali? Nilisikia mmekatazwa."

"Tumekatazwa."

Nikamweleza. Sikuketi, nilimweleza nimesimama hivyo hivyo, la gesti, la mvua, la sabuni, la bwawa, la malori. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniangalia usoni kama anayemtafuta mtu.

"Wewe ndiye yule mwenye koti jekundu?"

"Mlinijuaje?"

"Tulikuwa tunakuona! Gesti ile ukiwa pale juu kwetu unaiona yote. Tulikaa siku tatu tunakusubiri upate pa kuvukia, watu wazima, tumeoga, tumevaa. Mume wangu alikuwa na lake la kusema kuhusu chemchemi yetu. Amelirudia ndani ya nyumba hii mpaka nikamwambia, wewe, utalichakaza. Halafu tukasikia mmeshamaliza, umeondoka. Tukasema haya, labda letu halikuhitajika." Alisema bila hasira. Laiti angenitukana.

"Yupo?"

"Huu mwaka wa saba tangu tumzike."

Nikasema pole, na lilikuwa neno dogo mno. Nikamwambia sauti yake imesema anataka kuhama.

"Mimi?" Akacheka tena, safari hii machozi yakamtoka. "Mimi nihame niende wapi na mapeasi yangu? Lakini usidhani wote kama mimi. Mwenyekiti mwenyewe anataka kuhama, mgongo umemshinda. Vijana wengine wanataka. Mngetuuliza tungegombana hapa wiki mbili, wengine wasingesalimiana mpaka leo, lakini lingepatikana letu."

Ikabidi niseme na la pili. Nikamwambia kwamba nikiwafuta wao kwenye mtambo, eneo zima linafungwa, na mahindi ya tambarare hayaendi. Kicheko kikamwisha.

"Kwamsala ya huko tambarare wamo?"

"Wamo."

"Mwanahija wangu ameolewa Kwamsala. Ana watoto wanne. Juzi kanipigia simu, wanakula mara moja, na hiyo moja yenyewe uji. Nimempelekea ndizi nilizokuwa nazo. Utapeleka ndizi mara ngapi?" Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kila kidole.

"Basi niambie, mama," nikasema. "Nifanye nini? Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Alinyanyua uso. Sijapata kutazamwa vile.

"Unaniuliza mimi? Nikuambie nyamaza, niwauze majirani zangu? Nikuambie sema, niwanyime wajukuu zangu? Ya kwetu ulijibu wewe, hukutuuliza. Leo lako limekuelemea, unapanda mlima ulilete kwetu tulijibu. Sitaki. Hilo ni la kwako, mwanangu. Katende."

Akarudi kwenye mapeasi yake. Nikaaga, akaniitikia vizuri kwa adabu.

Njia nzima ya kuteremka nilitafuta pa kujificha sikupaona. Nikinyamaza, watu elfu tisa watakula, na mimi nitakuwa nimewajibia Kwembago mara ya pili, safari hii nikiwa mzima, sina homa, hakuna mvua. Na kesho yake Baraza litaulizwa jambo jingine, na wale thelathini na saba watasema wamechoka, potelea mbali, na watahesabiwa. Wakiulizwa kuhusu shule, wamechoka. Kuhusu chemchemi, wamechoka. Watakuwa mle miaka mingine ishirini wakichoka kwa niaba ya watu ambao hawajachoka hata kidogo. Nikisema, kuna mtoto Kwamsala ambaye kosa si lake. Nilililia hilo juu ya pikipiki. Dereva akadhani ni vumbi, akaniomba radhi.

Alhamisi asubuhi nikaenda moja kwa moja chumba cha mitambo. Nikamwambia Ndayizeye anifungulie fomu ya ufutaji, nikamweleza kwa nini. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta na shati.

"Dada, miezi minne tu imebaki ustaafu. Watu wasingejua kamwe."

"Fungua, ndugu yangu."

Akafungua. Nikachagua kaya moja baada ya nyingine, maana mtambo haukubali kufuta kijiji kwa mkupuo. Nilipofika ya thelathini na moja kidole kikasita. Shoga yangu wa miaka yote ile. Nikabonyeza. Chini kukawa na nafasi ya kuandika sababu. Nikaandika: Hawa wote ni mimi. Nikaweka jina langu kamili na namba yangu ya kazi.

Saa nne Eneo la Kumi na Nne likafungwa. Profesa alikuja akasimama mlangoni, hakupiga kelele. Alisema tu, "Umetenda," akarudi ofisini kwake, na siku hiyo hatukusikia harufu ya kahawa. Jumatatu malori hayakwenda Kwembago. Mahindi nayo hayakwenda popote.

Nilifukuzwa wiki hiyo hiyo, na mwezi uliofuata nikaitwa tena kwa barua. Eneo lilitakiwa kudodoswa upya kwa miguu na ikaonekana kwamba nchi nzima waliobaki wanaojua kazi hiyo ni watu sita, wanne wamezeeka, mmoja haoni. Nilikwenda. Ningekataaje? Tulianzia Kwembago, ambako walinigombania siku kumi na moja, kila mtu na lake, na sikuruka swali hata moja. Mama Kupaza alikataa kuhama kwa kurasa tatu. Kisha tukashuka tambarare.

Kwamsala tulifika mwezi wa kumi. Mashamba yalikuwa meupe. Watu wa makanisa na misikiti walikuwa wamechanga walichoweza, na kilikuwa kimekwisha zamani. Nyumba ya Mwanahija ilikuwa ya mwisho upande wa reli. Mumewe alikuwa ametoka kwenda kutafuta kibarua. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, amefanana na mama yake kwa sura, si kwa mwili. Alinitolea kigoda.

"Mama alinieleza habari zako," akasema.

"Ndiye mimi."

Watoto walikuwa wamekaa kivulini nyuma yake, wametulia kuliko watoto wanavyotakiwa kutulia, nywele zimegeuka rangi. Niliona haya kuwatazama. Nilitaka kumwambia kwamba nisiponyamaza ilikuwa hivi na nikinyamaza ilikuwa vile, maneno yote niliyokuwa nayo tangu Juni, na nikaona hana kazi nayo.

"Naomba tuanze," nikasema. "Ukitaka nirudi siku nyingine nitarudi. Ukitaka nisirudi kabisa, pia ni haki yako."

"Uliza."

Nikafungua dodoso, ukurasa wa kwanza. "Kaya hii ina watu wangapi?"

Akageuka akawaangalia waliokaa kivulini, mmoja mmoja, kama vile hakuwa na hakika.

"Mlipofunga tulikuwa sita," akasema. "Andika watano."

Nikaandika watano.